Gia Zikigoma, Usikimbilie Kufungua Injini

Katika mitaa ya Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tegeta, pikipiki si chombo cha kumfikisha mtu kazini tu. Kwa nyumba nyingi ndiyo shamba, ndiyo duka, ndiyo mshahara. Tangu mwaka 2010, zilipotolewa kanuni zilizoziingiza pikipiki na bajaji katika utaratibu wa leseni za kubeba abiria, kazi ya bodaboda imelisha familia nyingi na kusomesha watoto wengi. Wapo wanaoendesha pikipiki zao wenyewe. Wapo wanaopeleka hesabu kila jioni kwa mwenye chombo. Wapo pia wa mkataba, ambao hulipa kidogo kidogo mpaka siku waliyopatana ifike na pikipiki iwe mali yao.

Sasa tuseme asubuhi moja gia zinagoma. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, ya pili haitaki, na nyutro haipatikani kabisa kwenye taa za barabarani. Dereva anaisukuma pikipiki hadi kwa fundi wa kona ya karibu. Fundi anakanyaga pedali mara mbili, anatikisa kichwa, anatamka: “Giaboksi imekufa, tufungue.” Injini inalazwa juu ya gunia, na siku tatu zinapita. Kama hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, basi shilingi 30,000 zimekwenda kabla hatujataja ujira wa fundi, bei ya spea, wala chakula cha nyumbani. Na nyuma ya hayo kuna jambo zito zaidi: mwenye pikipiki anaanza kumshuku dereva kwamba ameiharibu, na dereva anaanza kumwona mwenye pikipiki kuwa hana huruma. Urafiki wa mwaka mzima huvunjika kwa sababu ya waya mmoja uliolegea.

Nimesema waya mmoja, wala sikukosea. Mara nyingi pikipiki inayokataa gia huwa na giaboksi nzima kabisa. Ugonjwa uko nje: kwenye klachi, kwenye pedali, kwenye oili au kwenye mnyororo. Vitu hivyo vinne mtu yeyote mwenye utulivu na spana chache aweza kuvipima nyumbani kwake. Shabaha ya makala ya leo ni kukuwezesha kuvipima, na kukuonyesha pia mahali ambapo yakupasa usimame na kumwachia fundi kazi yake.

Gia hubadilikaje?

Zamani pikipiki nyingi zilibadilishwa gia kwa mkono, kwa mti uliokaa ubavuni mwa tangi la mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Velocette ya Uingereza ilileta utaratibu ambao ndio tunaoujua hadi leo: ukanyage mara moja upate gia moja, kisha pedali irudi mahali pake ikingoje mguu tena. Wazee waliowahi kuendesha BSA au Triumph za zamani watakumbuka kwamba pedali yake ilikuwa mguu wa kulia. Siku hizi iko kushoto.

Unapoikanyaga pedali, huzungusha kishafti kinachoingia ndani ya injini. Kishafti hicho kina kidole ambacho huisukuma ngoma ya gia. Ngoma hiyo ni chuma cha mviringo kilichochongwa mifereji iliyopinda, na ndani ya mifereji hupita ncha za uma. Ngoma ikizunguka hatua moja, uma husogea pembeni na kusukuma gia ishikane na jirani yake. Yafaa ieleweke kwamba meno ya gia hizo yameumana wakati wote. Kinachobadilika ni jozi ipi imefungwa pamoja na shafti ili kupeleka nguvu kwenye gurudumu. Ufungaji huo hufanywa na vichwa vya chuma vilivyo ubavuni mwa gia, ambavyo hutumbukia katika matundu ya gia ya pili, mithili ya ulimi wa kitasa unavyotumbukia kwenye fremu ya mlango.

Hapo ndipo klachi inapohitajika. Kazi yake ni kuikata nguvu ya injini kwa kitambo kidogo, ili vichwa hivyo vitumbukie bila kupambana. Klachi isipoachia sawasawa, ni kama mtu anayejaribu kufunga kitasa huku mwenziwe anausukuma mlango. Kitasa si kibovu. Anayesukuma mlango ndiye wa kuambiwa aache.

Kipimo cha kwanza: zima injini

Kabla hujashika spana yoyote, fanya kipimo kimoja kitakachokuonyesha upande wa ugonjwa. Isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa, imepoa, na ufunguo umetolewa. Waweke watoto mbali. Sasa zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, ukilishika kwenye tairi, huku ukiikanyaga pedali taratibu kwa mkono wa pili au ukisaidiwa na mwenzako. Usipeleke vidole karibu na mnyororo wala sproketi, kwani vidole vilivyokatwa hapo haviungwi kwa spana.

Pitia gia zote, kupanda na kushuka. Kumbuka kwamba gurudumu likiwa limesimama kabisa, gia yaweza kukataa hata katika pikipiki mpya, kwa sababu vichwa vya chuma vimekutana uso kwa uso na si kwenye matundu. Hiyo ndiyo sababu ya kulizungusha gurudumu. Kumbuka vilevile mpangilio wa pikipiki yako: nyingine gia ya kwanza iko chini na zilizosalia juu, nyingine zote hukanyagwa upande mmoja. Fuata kitabu chake.

Ikiwa gia zote zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma ikiwaka, giaboksi yako haina kosa, klachi haiachii. Ikiwa hata injini ikizimwa pedali ni nzito, haishiki, au hairudi, chunguza pedali na kishafti chake. Ikiwa gia moja tu haipatikani kamwe, au inaingia kisha inatoka yenyewe, hapo ugonjwa yawezekana umo ndani, nasi tutauzungumzia mwishoni. Na ikiwa gia zinaingia vema lakini injini inalia kwa nguvu bila mwendo kuongezeka, tatizo si gia hata kidogo, klachi inateleza.

Matengenezo manne ya nyumbani

Andaa spana namba 10, 12, 14 na ile ya nati ya ekseli ya nyuma, bisibisi, rula, kitambaa na oili kidogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tandika mkeka na uketi chini.

*La kwanza, pedali.* Ishike na uitikise. Ikicheza juu ya kishafti chake, kaza boliti inayoibana. Boliti hii ikiachwa imelegea, meno madogo yanayoshikana na kishafti husagika, na mwisho pedali huzunguka bure bila gia kubadilika. Yakisagika meno ya pedali peke yake, nunua pedali mpya. Ni spea ya bei nafuu. Usikubali pedali ichomelewe kwenye kishafti. Moto wa kuchomelea huunguza sili ya oili iliyo jirani, na siku injini itakapohitaji kufunguliwa, kifuniko hakitatoka bila kukata chuma.

Kisha tazama kama pedali imepinda. Pikipiki iliyoanguka upande wa kushoto aghalabu hubaki na pedali inayogusa kifuniko cha injini au stendi, hivyo haiwezi kumaliza safari yake. Dereva husema gia ya kwanza haingii, kumbe pedali imegota. Kama imekaa juu mno au chini mno, weka alama ya chaki kwenye kishafti na pedali, fungua boliti, itoe, uirudishe kwa kuisogeza jino moja tu, kisha ujaribu. Mguu ukiwa umekaa juu ya kikanyagio chake, ncha ya kiatu yatakiwa iifikie pedali bila goti kuinuka. Katika pikipiki zenye kijiti cha kuunganisha pedali na kishafti, legeza nati mbili za mwisho wa kijiti na ukizungushe. Tahadhari: nati moja kati ya hizo mara nyingi hufunguka kinyume na nyingine.

*La pili, waya wa klachi.* Hili ndilo chimbuko la malalamiko mengi. Vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja mpaka uhisi waya umekaza. Pima kwa rula umbali ambao ncha ya mkono imesogea kabla ya kukaza. Katika pikipiki nyingi ndogo umbali huo wa uhuru ni kama milimita 10 hadi 20. Kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Uhuru ukizidi, klachi haiachii kikamilifu, gia husaga na nyutro hujificha. Uhuru ukikosekana, klachi haishiki kikamilifu, nazo pleti zake huteleza na kuungua.

Ziko nati za kurekebishia sehemu mbili: ndogo kwenye usukani, kubwa kule waya unapoishia kwenye injini. Ingiza kwanza ile ya juu karibu mpaka mwisho, rekebisha ile ya chini hadi upate kipimo, kaza nati yake, kisha malizia kidogo kwa ile ya juu. Zungusha usukani kushoto na kulia. Kama uhuru unabadilika, waya umebanwa mahali au umepitishwa njia isiyo yake. Kagua ncha zote mbili. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, badilisha waya leo, kwa maana utakatika siku ya mvua abiria akiwa nyuma.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Uhuru ukiwa unaongezeka wenyewe wiki hadi wiki, kwa kawaida waya unavutika. Uhuru ukiwa unapungua wenyewe, kwa kawaida pleti za klachi zinakwisha. Kwa hiyo andika kipimo kila unapokipima, nawe utajua ni spea ipi ya kuwekea akiba kabla haijakuangusha.

*La tatu, oili.* Katika pikipiki nyingi za kazi zinazotumika hapa kwetu, oili moja huhudumia injini, klachi na gia kwa pamoja. Oili ikipungua au ikichakaa, gia huwa nzito na klachi hugandana. Ipime pikipiki ikiwa imesimama wima, si imeegemea stendi ya pembeni. Kitabu husema kama kijiti cha kupimia kifungwe au kiegeshwe tu. Kiasi kinachoingia katika injini za aina hii ni karibu lita 1, hivyo upungufu wa robo lita ni upungufu mkubwa. Wala usitumie oili yoyote ya gari kwa kuwa ni rahisi. Baadhi ya oili za magari huchanganywa dawa za kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili huishi kwa msuguano. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, ambayo huonyesha oili iliyofaa klachi ya namna hiyo, na unene uliotajwa kitabuni.

Unapomwaga oili kuukuu, itazame juani. Weusi peke yake si tatizo. Vumbi la fedha linalometameta, au vipande vya chuma unavyovihisi kwa kidole, ni habari kutoka ndani ya giaboksi ambayo fundi hana budi kuisikia. Oili hiyo usiimwage mtaroni wala karibu na kisima. Itie kwenye dumu na uipeleke gereji.

*La nne, mnyororo.* Mnyororo uliolegea hurusha pikipiki kila gia inapoingia, na dereva hudhani gia ni mbovu. Uliokazwa kupita kiasi huivuta shafti ya giaboksi na kuzila beringi zake. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, pima katikati ya mnyororo wa chini: uchezo wa milimita 20 hadi 30 huzifaa pikipiki nyingi ndogo, lakini hapa pia kitabu kitangulie. Zungusha gurudumu na upime mahali ulipokaza zaidi. Ukirekebisha, hakikisha alama za kushoto na kulia ziko sawa, ukaze nati ya ekseli barabara, na uipime breki ya nyuma upya.

Ukimaliza yote manne, washa injini na ujaribu katika uchochoro mtulivu, pasipo abiria. Usifanye majaribio kwenye Barabara ya Kilwa wala ya Mandela, ambako malori hayana muda wa kukungoja. Na usitishwe na kishindo kidogo cha gia ya kwanza asubuhi injini ikiwa baridi. Hicho ni cha kawaida.

Mahali pa kusimama

Ndugu msomaji, upo ugonjwa mmoja ambao hautibiwi mkekani: gia inayotoka yenyewe. Unapanda mwinuko wa Goba au Makongo na abiria wako, gia ya pili inaruka, injini inalia, pikipiki inapoteza nguvu ghafla, na nyuma yako kuna gari. Jambo hilo huweza kuua. Sababu zake ni vichwa vya gia vilivyosagika, uma uliopinda, au kiroli chenye springi kinachoizuia ngoma isirudi nyuma kimechoka. Hakuna kukaza wala kulegeza waya kutakakoponya chuma kilicholika. Acha kubeba abiria siku hiyohiyo.

Lakini hata hapo, nenda kwa fundi ukiwa na ufahamu. Muulize: kasoro ni ya kufungua kifuniko cha ubavuni tu, au ni ya kuigawa injini yote? Katika injini nyingi kiroli, springi na kidole cha ngoma hufikiwa kwa kufungua ubavuni. Uma na gia zenyewe ndizo hulazimu injini igawanywe. Tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa kwa siku na kwa fedha. Mweleze vipimo ulivyofanya, patana naye bei kabla hajafungua, na umwombe akurudishie vipuri vya zamani. Fundi wa kweli hakasirishwi na maswali hayo, huyafurahia. Anayekasirika ni kishoka.

Tukumbuke pia kwamba gia nyingi huuawa na mguu wa mwendeshaji. Kuuegemeza mguu juu ya pedali muda wote kunauchosha uma. Kubadilisha gia bila kuvuta klachi kikamilifu kunasaga vichwa. Kushusha gia mbili kwa mpigo katika mwendo mkali kunaitikisa injini nzima. Na kupakia mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, mbali na kuwa ni hatari na ni kosa barabarani, kunazibebesha gia na klachi mzigo ambao hazikuumbiwa.

Daftari la nyumbani

Miaka ya mwanzo wa 1980, vipuri vilipokuwa haba madukani, mwenye pikipiki alilazimika kuitunza kama mgonjwa wa nyumbani, maana kikivunjika kifaa hakuna kingine. Leo Kariakoo imejaa vipuri vya kila namna, vya asili na vya bandia, na wingi huo umetuzoesha kubadilisha kabla ya kuchunguza. Turudishe desturi ya kuchunguza.

Nunueni daftari dogo, mwenye pikipiki na dereva, na mliandike pamoja kila Jumapili: tarehe, kilomita, uhuru wa klachi, kimo cha oili, uchezo wa mnyororo. Ni kazi ya dakika 15. Mama aliyewekeza akiba ya kikoba chake katika pikipiki hana haja ya kuwa fundi ili aweze kushika rula na kusoma milimita, wala dereva hana sababu ya kuona haya kupimwa mbele yake. Gia zitakapogoma, hakuna atakayemnyooshea mwenziwe kidole kwa dhana tupu. Mtalifungua daftari kwanza, mtafanya kipimo cha injini iliyozimwa mkiwa pamoja, na mtakapoamua kuifungua injini, mtakuwa mmekubaliana kwa nini mnaifungua.